Maji Yalipopoteza Rangi

Watu wa mtaa ule wa Mangobo hawakuhitaji kalenda. Waliangalia kijito. Jumatatu kiliteremka buluu, buluu nzito kama anga kabla ya mvua. Jumatano kilikuwa kijani. Na sikukuu zikikaribia, kiwanda kikipata oda za vitenge vya harusi na vya kwaya, kiliweza kuamka njano kikalala zambarau. Kiliitwa Mambili. Kilikuwa kijito chembamba, kilichopita chini ya ukuta wa kiwanda cha kutia rangi vitambaa, kisha kikajipenyeza katikati ya mihogo mpaka kwenye mto mkubwa. Hakuna aliyekunywa maji yake. Hakuna aliyenawa hata miguu. Samaki hakuishi humo, wala chura.

Nuru, binti wa fundi cherehani Idrissa, alifanya kazi ndani ya ukuta huo kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kusuuza. Alisimama mbele ya birika la saruji akivuta kitambaa kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, mpaka kiache kutoa rangi, na maji ya kila birika yalipita kwenye tundu la ukuta yakaingia kijitoni. Mikono yake ilikuwa buluu hadi viwikoni. Mumewe, Baraka, aliyetunza moto wa mapipa ya kuchemshia, alizoea kuwaambia wageni, "Miye nilioa mwanamuke pamoja na kipande ya mbingu."

Nuru alikuwa mtu wa kuota hali macho. Bibi yake aliyeitwa Binti, sasa marehemu, alisema mjukuu huyo alizaliwa ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto, na nusu yake ikabaki humo. Kwenye birika, mvuke ukipanda na kitambaa kikimpita mikononi bila mwisho, Nuru aliona miji, aliona misafara ya babu zake waliokuja na pembe na shanga wakaishia kupenda mahali hapa, aliona watu wasio na nyuso wakivaa rangi alizokuwa akisuuza. Filimbi ya saa nane ilimkuta huko mbali, akarudi taratibu, kama mtu anayepanda kutoka majini.

Kisha biashara ikalala. Haikuanguka kwa kishindo. Barabara za mashariki zilifungwa na vita, wateja wa Butembo na Goma wakaacha kuja, benki zao zikafunga milango. Vitambaa vya bei rahisi kutoka ng'ambo vilipanda mto kwa mabaleinière, mashua ndefu za mizigo, vikiwa vimekwisha kutiwa rangi huko huko. Unga wa rangi ulinunuliwa kwa dola, na dola ilipanda kila wiki. Ijumaa moja mwenye kiwanda, mzee mpole, aliwakusanya uani, akasema akiwa ameangalia viatu vyake, kwamba moto utazimwa kwa muda. Hakusema muda gani. Watu mia moja na arobaini walitoka getini bila kelele, kana kwamba wanatoka msikitini.

Baraka alikaa nyumbani miezi miwili. Alirekebisha paa, akarekebisha mlango, akarekebisha kiti ambacho hakikuwa kimevunjika. Asubuhi moja alifunga blanketi lake.

"Batu banaenda Bafwasende," alisema. "Ku dhahabu. Banasema mutu mwenye iko na nguvu hakosi."

"Weye ni mutu wa moto," Nuru akamjibu. "Udongo utaujulia wapi?"

"Nitajifunza. Kukaa bule njo kunaniua."

Akapanda juu ya mizigo ya lori, akamwonyesha Nuru kiganja, na lori likaingia katika barabara ya msitu.

Wiki zilizofuata zilikuwa na ukimya wa ajabu. Filimbi ya kiwanda haikulia. Moshi uliozoea kusimama juu ya mtaa kama mwembe mweusi haukuwapo, na nguo zilizoanikwa zilikauka bila madoa ya masizi. Nuru aliamka saa ile ile ya zamani, miguu ikampeleka njia ile ile, mpaka ukutani. Hapo alisimama kwa kuwa hakujua pa kwenda.

Ndivyo alivyoona. Kwanza buluu ilififia ikawa kijivu. Kijivu kikawa rangi ya chai, kisha rangi ya chai ya maskini. Na asubuhi moja, jua likiwa limeingia kwa pembeni kupitia matawi ya mchikichi, Nuru aliona chini. Aliona mchanga. Ulikuwa mweupe, wenye mikunjo midogo midogo kama kitambaa kilichokamuliwa, na juu yake ulipita mstari wa vivuli vyembamba. Ilimchukua muda kutambua kwamba vivuli vile vilikuwa samaki.

Aliyekuwa karibu ni tonton Carlos, mlinzi wa kiwanda. Yeye alibaki na kazi yake, kwa kuwa kiwanda kilichofungwa bado kina mabati ya kuibwa. Alikuwa mtu wa Isangi, mzee wa maneno machache na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Akaja akasimama kando ya Nuru.

"Mama Nuru," alisema, "ule wakati ya corona redio ilisema, mu mikini ya mbali, China, Inde, Ulaya, bakafunga ma-usine, ma-kiwanda yote. Moshi ikatoka mbinguni, batu bakaanza kuona milima yenye hawajaona toka utoto. Sikuamini. Nikasema, redio iko inatufurahisha tu."

"Na sasa?"

"Sasa niko naangalia muchanga."

Walicheka wote wawili, kicheko cha chini, kama watu walio kwenye nyumba ya mtu aliyelala. Kisha Nuru akachuchumaa, akakusanya viganja vyake vya buluu, akachota. Maji yalikuwa baridi. Hayakuwa na ladha ya kitu chochote, na kukosa ladha huko kulimlevya. Alichota tena akampelekea mzee, ambaye magoti yake yalikuwa mabaya, naye akanywa kutoka mikononi mwake, akafuta ndevu, akaomba tena. Nuru akamjazia chupa.

Habari zilienea. Élise, jirani yake, mwanamke wa Yanonge aliyekua juu ya mtumbwi na kuuza samaki wa kukaanga barabarani, alikuja na kikapu akavua dagaa wa kutosha sufuria, akawafunga katika majani akawapika liboke. "Yaya Nuru, Mungu alifunga usine, akafungua muto," alisema, akilamba vidole. Wanawake wakaanza kuja na vibidoni vya njano vya kuchotea maji. Hawakuwa wajinga. Bomba la maji la barabarani lilikuwa limekatwa, kwa sababu nyumba moja baada ya nyingine ilishindwa kulipa. Na maji haya yaling'aa mbele ya macho yao, bure. Kila aliyeuliza kama yanafaa, Nuru alimjibu, "Miye nilikunywa."

Mwezi ule alikuwa na furaha ambayo ilimtia haya. Mumewe yuko mashimoni, chungu kiko chepesi, naye anakaa mchana kutwa juu ya mbao za daraja akitazama maji. Aliota hali macho kwamba mji mzima umefunguliwa kama dirisha: mto Tshopo na mto mkubwa na vijito vyote vinaonyesha mchanga wake, na watu wanatembea polepole, wakisikiliza.

Mvua kubwa zilinyesha wiki mbili. Siku ya nne baada ya mvua, Élise alianguka mbele ya kikaango chake. Jioni hiyo hiyo tonton Carlos alikutwa amekaa getini, mgongo ukutani, macho yamezama, suruali imelowa. Alimwomba Nuru maji. Nuru akampa kutoka kwenye chupa ile ile.

Walimpeleka kituo cha afya kwa toleka, Nuru akikimbia kando ya baiskeli akimshikilia mzee bega asianguke. Muuguzi alikuwa Moïse, kijana mwenye sauti ya kuchoka ambaye mtaa wote ulimwita docta. Vitanda vilikuwa vimejaa. Alitundika chupa ya dawa ya maji kwenye msumari wa dirisha, akatafuta mshipa katika mkono wa mzee, akatafuta tena.

Élise alipona. Tonton Carlos alikufa kabla ya adhuhuri ya kesho yake. Watu waliovaa glavu na buti za mpira walimzika haraka, mbali, na hakuna aliyeruhusiwa kumwosha.

"Ni kolera," Moïse alimwambia Nuru nje ya kituo. "Mulikunywa maji ya wapi?"

"Ya Mambili. Lakini docta, maji iko muzuri. Inangaa. Unaona mpaka chini."

"Mama, microbe haina rangi."

Nuru alitazama viganja vyake vya buluu.

"Na klorini ya kutia mu maji?" aliuliza.

"Iliisha. Batu ba musaada benye walikuwa banaleta, kwao pia franga ilikatwa, bakafunga biro. Nimeandika barua ku mukubwa wa afya. Nangojea."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Nuru alifuata kijito kwenda juu badala ya chini. Alitembea kama mtu anayekwenda kwa jamaa za rafiki aliyemtendea ubaya. Nyuma ya ukuta wa kiwanda, mahali ambapo tangu utoto aliona miti kwa mbali, hapakuwa na miti tena. Wenzake wa kazi walikuwa wameikata wakaichoma makaa. Aliwakuta wawili, nyuso nyeusi, wakamsalimia kwa aibu. Kilima kilikuwa uchi, na mvua ilikuwa imekichana mifereji. Juu yake vilisimama vibanda vipya vya turubai, vya watu walioshindwa kodi za mjini, na kila kibanda kilikuwa na choo chake cha kuchimba kwa mkono, cha kina kifupi, kimefunikwa magunia. Mvua ilikuwa imepita katika vyoo hivyo vyote. Mwanamke mmoja alimkaribisha Nuru kiti, akamwuliza habari za Baraka. Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Alikaa, akaongea, akashukuru, akashuka.

Alizunguka nyumba hadi nyumba kukataza watu. Walimsikiliza kwa heshima, na kesho asubuhi vibidoni vilikuwa vimepangwa darajani kama kawaida. Chemchemi ya parokia ilikuwa mwendo wa saa nzima. Kuni za kuchemshia maji zilikuwa kwa wenye pesa. Na zaidi ya hayo, maji yalikuwa mazuri mno. Macho ya mtu hayakubali kushindana na maneno.

Akiwa amekaa kitandani asubuhi moja baada ya swala, maneno ya muuguzi yalimrudia. Haina rangi. Aliyageuza kama alivyogeuza vitambaa. Kwa miaka ishirini na miwili maji yale yalikuwa na sumu, na hakuna mtu aliyeyanywa, kwa sababu kila mtu aliona.

Unga wa kiwandani hakutaka kuugusa. Alijua ulivyochoma ngozi. Lakini bibi yake Binti, kabla hakujawa na kiwanda, alitia rangi nyuzi za mlala kwa ngola, mti ule mwekundu ambao wanawake wa zamani walijipaka mwilini wakizaa. Maseremala wa Mangobo walitupa vumbi lake la msumeno kwa magunia. Ngola ndani ya maji matupu haitoi rangi ya maana. Ukiichemsha na majivu inafunguka. Nuru alichemsha siku mbili katika pipa lililokatwa, mikono ikikumbuka kazi. Alijaza vumbi hilo lililoiva katika magunia matatu, akayafunga, na kabla ya jua kuchomoza akayazamisha chini ya mbao za daraja, akayakandamiza kwa mawe.

Wanawake walipokuja, Mambili ilikuwa nyekundu.

Ilikuwa nyekundu ya ndani, yenye giza pembeni, ikiteremka taratibu chini ya ukungu. Bidoni moja ilianguka ikabingirika. Kisha, mmoja mmoja, waligeuka wakashika njia ya parokia, mstari mrefu wa vibidoni vya njano unaopotea katika weupe wa asubuhi. Nuru aliwatazama akiwa mlangoni kwake, na kwa kitambo hakujua kama yuko macho au amelala.

Alifanya hivyo siku nane. Saa za kuchota maji zilikuwa za alfajiri, basi alihitaji rangi mpaka saa tatu tu. Baadaye aliyatoa magunia akayachemsha upya. Moïse, ambaye hakujua chochote, alimwambia Élise kwamba wagonjwa wapya wamepungua, kutoka tisa kwa siku hadi wawili.

Lakini mtaa hauwezi kuona maji mekundu ukakosa kutafuta mwenye damu. Wengine walisema ni tonton Carlos analia kwa kuzikwa bila kuoshwa. Siku ya tisa jina la mchawi likapatikana: mama Chimène, mjane mzee aliyeishi peke yake karibu na daraja, ambaye hakuchangia mazishi ya mtu na aliongea na kuku wake. Vijana walimtoa nyumbani wakamleta uani kwa chef wa mtaa, papa Amuri. Alikaa chini, miguu mbele, akishika ncha ya kitenge chake. Hakulia. Alikuwa anatafuta kiatu kimoja kilichobaki njiani.

Nuru alifika akihema. Alipita katikati ya watu akamwinua mama Chimène kwanza, akampa viatu vyake mwenyewe, ndipo akageuka.

"Papa chef, ni miye."

"Ni weye nini?"

"Rangi. Haiko damu. Ni ngola na majivu. Niko naweka asubui, chini ya daraja."

Papa Amuri alikuwa mtu wa ukoo wa zamani, ndugu wa mbali wa baba yake Nuru. Alivua kofia yake akaivaa tena.

"Ulitudanganya, binti Idrissa."

"Sikusema kitu, papa. Ninyi njo mulisema damu."

"Na kwa nini?"

"Juu niliwaambia maji iko safi, mukanisikia. Nikawaambia iko mubaya, hamukunisikia. Tonton Carlos alikunywa mu mikono yangu." Aliinyosha mbele, na buluu ya miaka ilikuwa imepandwa na wekundu, ikawa rangi isiyo na jina. "Bon. Kama kuna mutu wa kushitaki, ni huyu."

Moïse aliitwa. Alifika na koti lake jeupe lililochakaa, akaelezwa, akamtazama Nuru kama mtu aliyepewa jibu la swali alilokuwa ameacha kuuliza. Kisha akasema hesabu zake za wagonjwa, siku kwa siku, akasema: "Papa chef, miye nilikosa klorini. Huyu mama aliweka woga. Ilisaidia batu. Muache aendelee mpaka dawa itafika, lakini sasa kila mutu ajue."

Ndivyo ilivyokuwa. Papa Amuri alimtoza Nuru kuku mmoja, ampe mama Chimène, na vijana waliomkokota mjane huyo waliamriwa kwenda kilimani kuhamisha vyoo, mbali na mtelemko, wachimbe hadi vichwa vyao visionekane. Walichimba. Wachoma makaa waliwasaidia, kwa kuwa ndio waliobaki na majembe. Maji yaliendelea kuteremka mekundu asubuhi, na sasa watoto walikuja kuyatazama bila hofu.

Pipa la klorini lilifika kwa pikipiki baada ya siku kumi na mbili, limefungwa kamba kama mgonjwa. Moïse alimfundisha Nuru kupima kwa sindano isiyo na ncha, kipimo kimoja kwa bidoni moja, kisha kungoja nusu saa. Alikaa darajani kila alfajiri na kiti chake. Wanawake walilalamika kuhusu harufu. Aliwajibu kwamba harufu ndiyo inayowalinda. Ugonjwa ulipita mtaani kama wageni wanavyoondoka: wawili, kisha mmoja, kisha siku nzima bila mtu. Wafu walikuwa kumi na mmoja.

Kiwanda hakikufunguliwa. Mafundi walikuja kukata mapipa ya kuchemshia wakayauza chuma chakavu. Miti kilimani haijarudi, ingawa Élise alipanda mihogo kwenye mifereji, ikashika udongo kidogo. Mambili inang'aa mvua zikipungua, inakuwa na tope zikizidi, na klorini ikichelewa Nuru huanza kukusanya vumbi la ngola, na watu wakimwona na gunia begani huelewa.

Baraka alirudi mwanzo wa kiangazi, nyuma ya pikipiki, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Alikuwa amekonda. Alileta kilo ya kahawa na kitenge. Alikaa uani, Nuru akamletea lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki, na alipoinua tonge Nuru aliona mkono ukitetemeka, ukitetemeka hata ulipokuwa umetulia juu ya goti.

"Kule tunashika dhahabu na ile maji ya fedha," alisema, kana kwamba ameulizwa. "Mercure. Unachanganya na mukono, unachoma, moshi inatoka, dhahabu inabaki. Hata muto wa kule, Nuru, ulikuwa unaona samaki. Sasa iko kama supu."

"Usiku unalala?"

"Nalala. Lakini ndoto zinakuwa mingi."

Nuru alimwosha mikono mwenyewe, kidole kwa kidole, kwa sabuni na maji aliyoyatia dawa, ingawa alijua kwamba zebaki hiyo haiko juu ya ngozi, imeingia ndani ya mwili. Baraka alifumba macho. Harufu ya klorini ilimfanya akunje pua, akauliza haya maji yamepatwa na nini.

"Nitakuelezea njiani," Nuru akasema.

Akamfunikia sahani yake, akavaa kanga, wakatoka kabla jua halijawa kali. Alimshika mkono uliokuwa ukitetemeka akaubana chini ya kwapa lake, wakatembea polepole kwenda kwa Moïse, naye akaanza kumsimulia kuanzia asubuhi ile alipoona mchanga.